Kanawe Kwanza

Sheria ilikuwa wazi: mgonjwa wa hisia kali akisema huku bangili yake ya kupima hisia imewaka nyekundu, maneno yake hayahesabiwi. Ndiyo maana Bi Shufaa hakuwa na wasiwasi alipomzaba mjukuu wake kofi mbele ya mkwewe, Mwanakheri, mgonjwa aliyevaa bangili hiyo.

"Umempiga mwanangu!"

"Umeshawaka, mama. Kanawe barafu kwanza," Bi Shufaa alimwambia.

Mwanakheri alitumbukiza uso kwenye beseni la maji ya barafu, akavuta pumzi polepole kama alivyofundishwa kliniki. Mbinu hiyo ilimwokoa zamani; leo ilikuwa inamziba mdomo. Bangili ikageuka kijani. Alirudi sebuleni, akamkuta Bi Shufaa anakunywa chai, bangili ikawaka nyekundu tena.

Alipokimbilia beseni, binti yake, asiye na bangili, alikuwa ameinamisha uso majini. Aliuinua, alama za vidole zingali shavuni.

"Nimetulia, mama. Sasa nikisema nimepigwa, mtanisikia?"