Kucha za Salme

Asubuhi ya kwenda kulazwa, bibi yake Salme alikuja na bakuli la hina. Mtoto alikuwa na miaka minne, na kesho yake angepasuliwa kifua ili tundu la moyoni lizibwe.

"Mjukuu wangu haendi huko mikono mitupu, kama asiye na wenyewe," bibi alisema.

Zamda, mama wa mtoto, alilisogeza bakuli pembeni. "Daktari amekataa, Mama. Wataangalia kucha zake wajue kama damu inapata hewa. Hina itazificha."

"Kila kitu daktari! Basi mimi nimfanyie nini?"

Sauti ya bibi ilikatika. Zamda, ambaye kila alfajiri alizitazama kucha hizo zinavyogeuka buluu, aligundua kwamba mama mkwe wake naye alikuwa na hofu ile ile. Akampa mkasi mdogo.

"Mkate kucha. Ziwe safi kabisa."

Bibi alivaa miwani, akampakata Salme, akaanza na kidole gumba. Alikata polepole, na kila kidole akakiosha kwa maji ya uvuguvugu.

"Mama, kesho nitaumia?" Salme aliuliza.

"Utaumia, mwanangu," Zamda alijibu. "Halafu utapona, ukimbie na wenzako."

Nje, baba alipiga honi ya gari. Bibi hakuinua kichwa. Alikuwa amekishika kidole cha mwisho, akikipangusa kwa upindo wa kanga.