Abiria wa Bi Stamatoula

"Muziki sitaki," Bi Stamatoula alisema. "Na huyo mpishi wenu abaki kwake."

Iordanis aliinua macho kutoka kwenye ramani. Tangu aanze kukodisha boti za kifahari pale Pireo, bandari ya Ugiriki, alikuwa amepangia safari waigizaji, wenye meli na maharusi wa kila namna, lakini mteja wa kumkataa mpishi hakuwahi kumwona. Tena mteja mwenyewe ni bibi wa gauni jeusi na viatu vya sokoni, aliyeuza shamba lake la mwisho la mizeituni ili akodi boti.

Alijaribu kumpangia safari ya maana: visiwa vya Mykonos na Santorini, chakula cha jioni juu ya sitaha. Bibi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaweka kidole kwenye kisiwa kidogo kama punje ya dengu.

"Hapa, Agrilida. Basi."

Iordanis akacheka kidogo. Kisiwa kile kilikuwa na mwenyewe. Tajiri mmoja alikinunua, akawahamisha watu, akajenga hoteli, akalitia kanisa kufuli. Mashua za wavuvi zilifukuzwa kabla hazijagusa mchanga. Boti za kifahari tu ndizo zilizopokewa, tena kwa vinywaji baridi.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mwanangu," bibi alisema. "Mashua ya shemeji yangu wameifukuza mara mbili. Na waifukuze na hii, tuwaone."

Akamweleza. Ukoo wake wote ulikuwa wa Agrilida, na ulipotolewa ulikuja kubanana Pireo. Wazee hawakupata kuuzoea mji, walililia kwao kila siku. Na sasa hata huku muda wa pango ulikuwa umekwisha. Halmashauri inakupa miaka mitatu, kisha inakwambia uwapishe wengine, na asiyetafutiwa pa kwenda huchanganywa na watu asiowajua. Mwisho wa mwezi walikuwa wanatolewa.

Iordanis alimwonea uchungu wa kweli, maana hata yeye mwenye nyumba wake alikuwa amempa notisi ili apangishe watalii. Akasema mji huu siku hizi hauna nafasi ya mwenyeji. Bi Stamatoula akakubali kwamba hilo ni kweli kabisa.

"Lakini bibi, mkishuka mtatolewa jioni hiyo hiyo. Yule bwana ana walinzi, ana mawakili."

"Mimi na wapwa zangu atatutoa, tutakwenda. Hao wengine nikishawaweka mahali pao, namtaka mwanamume wa kuja kuwatoa."

"Wabishi kiasi hicho?"

"Mama mkwe wangu peke yake anamtosha," bibi alisema, akatia saini.

Asubuhi ya safari, nahodha aliwatazama abiria wake wakipakiwa, akafanya ishara ya msalaba, akang'oa nanga bila kuuliza neno.

Kule Agrilida walinzi walikimbilia kamba wakitabasamu, sinia la vinywaji likiwa tayari. Akashuka kwanza Padri Akakios na joho lake, uso umekaza. Akafuata Bi Stamatoula, na nyuma yake wapwa wawili, mmoja na sepetu begani. Tabasamu la mkuu wa walinzi likapungua. Alisema barabara ya kanisani na makaburini imefungwa. Akauliza pia wageni wengine wako wapi, kwa kuwa aliarifiwa unakuja ukoo mzima.

"Wanateremshwa," Bi Stamatoula alisema. "Wewe anza kumwamkia mama mkwe wangu, halafu umwambie mwenyewe kwamba barabara imefungwa."

Akafunua sanduku dogo alilolipakata, na juu ya mifupa iliyofukuliwa kwenye kaburi la kupanga la Pireo na kuoshwa kwa divai, fuvu likamtazama mlinzi, jina la mama mkwe limeandikwa vizuri kwenye paji.