Wivine Anatafuta Damu

Wivine aligonga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Ndani watu walinyamaza, ingawa moshi wa jiko ulikuwa ukitoka dirishani.

"Mama, ulikuja hata asubuhi," sauti ya mwanamume ikasema mwishowe. "Tulishakatala."

Akaenda nyumba iliyofuata. Kambi nzima ya wachimba shaba ilikuwa imejifungia. Tangu hospitali za Élisabethville zianze kuwatia wagonjwa damu ya watu wengine, ilivuma kwamba hiyo ni kazi ya batumbula, wale wanaosemekana kuteka watu na kuwauza kwa Wazungu.

Wodini alikuwa amemwacha mtoto mapajani mwa Angélique, ambaye mguu wake uliovunjika haukumruhusu hata kusimama. Malaria ilikuwa imemnyonya mtoto damu hadi ulimi ukawa mweupe kama unga. Wivine alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Donat, muuguzi, akapima damu yake, akatikisa kichwa. Ya Angélique nayo haikupatana. Donat akasema jua likizama bila damu, basi.

Jua lilikuwa limeshainama Mwaba alipofungua mlango wake. Alikuwa mtu wa tanuru, kifua kimejaa makovu ya moto. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba ndugu yake alipotea mwaka jana, na yeye hana haja ya kumfuata.

Wivine hakubishana. Alipiga magoti mavumbini.

"Baba, nitakaa ku mulango ya hospitali. Kama hautoke, nitapiga makelele mpaka muji yote inasikia. Lakini kuya, twende."

Mwaba alimtazama sana. Akaingia ndani, akatoka na shati.

Akamfuata hadi wodini. Donat alimpima, akainua kichwa upesi: inapatana. Chupa ikajaa, ikatundikwa juu ya kitanda, matone yakaanza kushuka. Wivine aliegemea ukuta, asibandue macho.

Taa zilipowashwa, mtoto alifumbua macho akaomba maji. Angélique akaanza kulia kwa sauti.

Mwaba, pamba mkononi, alimgeukia Wivine. "Mama, kuya ubebe mutoto wako."

"Mama yake ni huyu," Wivine akasema, akimwonyesha Angélique. "Wangu alikufa asubuhi."