Kanga Isiyo na Maneno

Tangu wenye maduka waanze kuogopa kuagiza kanga kwa majora zisije zikawadodea, kiwanda cha Makame kikawa kinamchapia kila mteja maneno yake mwenyewe, na leo Makame alikuwa akijuta. Bi Zuwena alikuwa amerudi kwa mara ya nne.

“Ondoa ‘Hasidi hana sababu’. Nimepatana na jirani yangu.”

“Bibi wee! Jana si ulinifutisha ‘Jirani ni ndugu’?”

“Jana tulikuwa tumegombana. Lakini usiandike kitu kwanza, tuone jioni atakuwaje.”

Makame akasonya. Akaweka fremu ya kuchapia juu ya kitambaa, akavuta rangi kwa hasira. Pindo likatoka, mji wa katikati ukatoka, mahali pa maneno pakabaki peupe.

“Chukua! Utajaza mwenyewe.”

Bi Zuwena akajifunga hiyo hiyo, rangi bado mbichi, akatoka zake. Ng'ambo ya njia jirani yake alikuwa akipeta mchele. Ungo ukasimama hewani. Akaisoma ile nafasi nyeupe toka mwanzo mpaka mwisho, polepole, akarudia. Kisha akatua ungo, akavuka njia, akaingia kwa Makame akihema.

“Umeona alivyonitukana? Nichapie ya kumjibu!”