Msiniangushe

Ngo. Ngo, ngo.

Kiongozi wa zamu hakuinua kichwa kutoka kwenye trei ya dawa. Kila mkazi wa nyumba ile ya wazee alikuwa na kitufe cha kengele kando ya kitanda, lakini yule wa chumba cha mwisho aliita kwa kugonga ukuta kwa mkongojo wake. Ndiyo maana wote walimwita Mzee Bakora.

"Haumwi huyo," kiongozi alimwambia mpishi. "Akiumwa hugonga mfululizo. Hapo anataka tu kujua kama mgeni amefika."

Mgeni alikuwa mkurugenzi. Alikuwa akitafuta mtu wa kumpeleka makao makuu, kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, awe anasimamia nyumba zote za wazee kwa simu. Angezunguka hapa asubuhi hii tu. Akiridhika, kiongozi angehama wiki ijayo.

"Raha hiyo, dada," mpishi alisema. "Huko hakuna wa kukugongea ukuta."

Kiongozi aliacha kupanga vidonge. "Hakuna," alisema.

Tangu jana hakuwa ametulia. Jioni alijifungia ukumbini na wazee, akapita kwa mmoja mmoja, akimwelekeza la kufanya na la kusema mkurugenzi akiingia. Wahudumu waliokuwa nje waliambulia neno la mwisho tu: "Msiniangushe." Kisha vicheko.

Mkurugenzi aliingia viatu viking'aa. "Nasikia wazee wako wametulia kama maji mtungini."

"Karibu ujionee," kiongozi alisema.

Walianzia ukumbini. Bibi Mwalimu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote na ambaye kichwa chake bado kilikuwa wembe, alikuwa dirishani akifuma.

"Shikamoo, bibi," mkurugenzi alisema. "Unamfahamu huyu?"

Bibi Mwalimu alimkagua kiongozi kuanzia kiatu hadi kilemba. "Nisimfahamu vipi? Huyu ni mke mwenza wangu. Na chai yangu anakunywa yeye."

Mkurugenzi alikohoa. Kiongozi alitazama sakafu.

Nyuma yao, wazee wawili waliokuwa wakicheza drafti kimya kimya waligombana ghafla. Ubao ulipaa, kete zikatawanyika, moja ikatua ndani ya mfuko wa shati la mkurugenzi. Hapo hapo kengele za vyumba vyote zikalia kwa pamoja. Mhudumu mmoja alikimbilia huku, mwingine kule, wakagongana mlangoni.

"Kila siku huwa hivi?" mkurugenzi aliuliza kwa sauti ya juu, kuzishinda kengele.

"Leo afadhali," Bibi Mwalimu alimjibu.

Kiongozi alimwongoza mgeni haraka kwenye korido, kuelekea chumba cha dawa. Hawakufika. Mzee Bakora alijitokeza mbele yao, akaegemeza mkongojo ukutani, akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka chini. Kisha akajilaza taratibu, kichwa juu ya koti.

"Nimeanguka," alitangaza.

"Mzee wangu, inuka basi," mkurugenzi alimsihi.

"Siinuki. Hapa tukianguka huwa tunalala hapo hapo mpaka jioni."

Hilo lilitosha. Mkurugenzi aligeuka, akatoka, na mlangoni akazungumza na kiongozi kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

"Mama, kiti nilishakuandalia. Lakini kama nyumba moja inakushinda, zote utaziweza? Baki hapa kwanza ujifunze."

"Nimeelewa, mkurugenzi." Kiongozi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

Gari liliondoka. Mpishi alimshika bega. "Pole, dada yangu. Hawa wazee wamekutenda."

Kiongozi alirudi ndani kwa hatua nzito, akapita ukumbini bila kumtazama mtu, akaenda moja kwa moja hadi pale alipolala Mzee Bakora. Akachuchumaa, akamkazia macho.

"Baba, tulikubaliana uanguke baada ya chumba cha dawa, siyo kabla. Na mtu anayeanguka hakunji koti kwanza."

Mzee Bakora alimpa mkono ili ainuliwe.

"Nisamehe, mwanangu. Akirudi tena kukuchukua, nitaanguka vizuri zaidi. Nakuahidi."