Ufito wa Dizeli

Kila asubuhi Bi Mwanaidi alichovya ufito kwenye matangi ya magari yake matatu ya abiria, apate kujua kama madereva wamenyonya dizeli. Leo alisimama na ufito huo mbele ya gari la umeme alilopewa kulijaribu kwa wiki moja. Mchana ama angelirudisha, au angeuza yale ya zamani ili alinunue.

“Utachovya wapi, mama?” Shomari, dereva wake, alimtania.

“Nyamaza wewe! Nitajuaje kama huniibii?”

“Umeme nitauficha kwenye chupa gani?”

Bi Mwanaidi alicheka bila kupenda. Pesa za dizeli ya siku moja zilikuwa zimetosha umeme wa siku nne, na fundi hakukanyaga uani wiki nzima.

“Na betri ikichoka?”

“Ina dhamana ya miaka minane. Mimi mwenyewe sina.”

Juu ya boneti, Bi Mwanaidi akatia saini mkataba wa kulinunua. Kisha akauchomeka ufito kando ya mnyanya uliolala chini, akaufunga kwa uzi. Gari likatoka kimyakimya, hata kuku hawakushtuka, naye akabaki akinusa harufu ya dizeli vidoleni mwake.