Mshono wa Beseni

Mwezi mzima tangu aanguke na pikipiki, Mbaruku alisema haogopi, ila hawezi kuendesha chombo chenye kava la plastiki lililopasuka. Leo mkewe, Tunu, alilipakata kava lile uani. Alitoboa kingo za ufa kwa msumari wa moto, kisha akapitisha waya mwembamba, mshono ule ule anaoshonea mabeseni yaliyopasuka.

"Kijiweni wataniita Beseni," alisema Mbaruku.

"Wakuite, baba Rehani. Bora uwepo wa kuitwa."

Mbaruku alipapasa mshono. Ulikuwa umenyooka kuliko kovu la goti lake. Tunu alilirudisha kava kwenye pikipiki, akakaza skrubu ya mwisho, akampa ufunguo.

Mbaruku alipanda polepole. Injini ikawaka, lakini miguu yake yote miwili ilikuwa bado chini.